Mkunga Wetu na Sindano za Magesa

Nikianza habari za mkunga wetu watoto wangu husogeza viti, maana wanajua siku hiyo ugali utaungua. Siwezi kumsimulia nimekaa. Lazima nisimame niwaonyeshe alivyokuwa anatembea, kifua mbele, viatu vyake vya turubai kavibeba mkononi kwa sababu ya matope, na ile sauti! Ukiisikia kutoka ndani ya zahanati, hata kama ulipita kusalimia tu, unajikuta unakunja mkono wa gauni ili utolewe damu. Alikaa kwetu, kijiji cha ziwani upande wa Murangi, miaka ile ambayo kipande cha sabuni kilikuwa kitu cha kuulizana kwa kunong'ona. Tulimwita Sista, kama manesi wote wanavyoitwa, ingawa hakuwa mtawa na mdomo wake mtawa yeyote angeukimbia.

Salamu yake ilikuwa moja. Ukimwamkia shikamoo anakujibu marahaba, lete mkono. Kila mwenye mimba alitolewa damu, awe mke wa mwalimu, awe mke wa mvuvi, awe binti aliyefukuzwa kwao juzi. Mke wa mchungaji alipokuja kliniki akasema yeye hahusiki na magonjwa ya namna hiyo, Sista akamwambia damu haijui kuimba kwaya, lete mkono. Kesho yake mchungaji akaja amefura, amevaa koti na jua lile, anataka aombwe radhi. Tulikuwa kwenye foleni nje tunasikiliza. Kelele, kelele, halafu kimya, halafu mchungaji akatoka amekandamiza pamba kwenye mkono, amechukuliwa damu na yeye. Jamani tulicheka mpaka watoto mgongoni wakaamka.

Lakini majibu ya yule mama na mume wake hakuna aliyeyajua, na hilo ndilo lililokuwa linanishangaza kwa Sista. Mdomo mpana vile, mtu wa kukugombeza barabarani kwamba titi lako chafu, mtu wa kutangaza mbele ya baba mkwe wako kwamba umefunga choo, lakini akijua una nini kwenye damu, hapo umefika mwisho. Hata mume wake asingejua, kama angekuwa naye. Ndiyo maana wanawake tulikwenda. Tulimwogopa kwa kelele na tukamwamini kwa kunyamaza.

Ugonjwa aliokuwa akiuwinda ni kaswende. Wazee wetu waliuita sekeneko, na kwao ulikuwa ugonjwa wa vidonda vya watu wazima walioshindikana. Kwamba unaweza kukaa ndani ya mama asiyeumwa chochote, anayelima na kupika na kucheza ngoma, halafu ukamla mtoto tumboni, hilo kwetu lilikuwa jipya. Sista alilisema kila siku ya kliniki, kwa maneno yaleyale, akipiga meza. Tulikuwa tunaweza kulisema naye.

Kipimo chenyewe hatukuwa nacho pale kijijini. Chupa za damu zilikwenda Musoma mjini, na kwenda Musoma miaka hiyo ilikuwa kazi. Dizeli hakuna. Malori ya pamba yamesimama Bugwema mpaka kuku wanatagia chini yake. Basi Sista alikuwa anazipanga chupa zake kwenye chungu kidogo chenye mchanga wa maji ili zisipate joto, anafunika na kitambaa, anampa mchuuzi yeyote wa samaki anayekwenda mjini kwa mtumbwi, na vitisho juu. Ukivunja chupa usirudi hapa hata ukiumwa na nyoka. Majibu yalirudi yanavyotaka yenyewe. Bomba za sindano alizichemsha kwenye kuni maana mafuta ya taa yalikuwa hayapatikani, na sindano zenyewe zikichoka alizinoa kwenye jiwe, taratibu, anapuliza, anaziangalia kwenye mwanga. Wanaume waliomwona akinoa walirudi nyumbani na habari, na habari zile zikanenepa njiani.

Sasa nicheke kidogo kabla sijaingia kwangu. Mkunga huyu alikuwa mtu wa upande wa Butiama, watu wa ng'ombe na ulezi, na akaletwa kufanya kazi ziwani akiwa haliwezi ziwa hata kidogo. Maji alikuwa anayaangalia kwa mbali, kama mtu anayemdai. Kuvuka ghuba kwa mtumbwi kwenda kijiji cha pili ni muda mfupi tu, unafika hata kichwa hakijapata joto. Yeye alizunguka kwa miguu, nusu siku, jua la utosi, ili mradi nyayo zake ziko kwenye udongo. Na samaki hakula. Tunaletewa nesi kwenye kijiji ambacho mtoto anaota meno kwa kutafuna furu, na nesi anakula dagaa? Ng'o. Anasema samaki anamwangalia. Tukimpelekea sato amebanikwa vizuri, anashukuru sana, halafu jioni tunamwona paka wake amelala tumbo juu.

Na tena alikuwa hashiki sura za wanaume. Sisi wanawake alitujua wote, mimba zetu, mama zetu, nani mguu unamvimba. Wanaume, sifuri. Alisemaga wote wananuka dagaa na wote wanadanganya, sasa atawatofautisha kwa lipi. Tuliliona jambo la kuchekesha tu, na kwa muda mrefu lilikuwa la kuchekesha kweli.

Sheria yake kubwa ilikuwa benchi la watu wawili. Mama akikutwa na kaswende, mume naye lazima aje achomwe, wakae benchi moja, maana ukimtibu mmoja umeteka maji kwenye ndoo iliyotoboka. Asipokuja, Sista alimfuata mwaloni. Asubuhi mitumbwi ya dagaa inaporudi alikuwa anasimama pale kwenye mchanga, mbali na maji kwa sababu zake, anaita jina. Mwenye jina anabaki majini anajifanya wavu umejisokota. Sista anangoja. Jua linapanda, dagaa wanaanza kunuka, wenzake kwenye mtumbwi wanamtukana, mpaka anashuka mwenyewe kichwa chini. Hakuna aliyewahi kumshinda kwa kungoja.

Haya. Mimi nilifika kwake nikiwa nimeshazika. Mimba ya kwanza mtoto alitoka amekufa, ngozi yake inabanduka mkononi mwa mama mkwe. Wa pili alizaliwa hai, mvulana, tukashangilia, lakini pua yake ilikuwa inakoroma usiku na mchana, hawezi kunyonya, nyayo zikaanza kubanduka na yeye, akaenda kabla hata hajaanza kucheka. Ya tatu ilitoka yenyewe shambani. Mama mkwe akasema nimefungwa. Tukaenda kwa waganga mpaka mbuzi wakaisha, na mume wangu, mtu mpole, mtu wa utani, akawa hataki kuingia ndani nikiwa nimekaa peke yangu, kwa sababu atanikuta nalia na hajui la kusema.

Mimba ya nne nikapelekwa na jirani kwa Sista. Nilijua atanigombeza. Akaniuliza habari za wale watatu, na nilipofika kwa yule mvulana akanikatiza kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, ya chini kabisa. Alikuwa anakoroma puani? Viganja na nyayo vilibanduka? Nikamuuliza nani amekwambia, maana yeye siku hizo alikuwa hajahamia kwetu. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Hujalogwa, mama," akasema. "Ni ugonjwa. Una jina na una dawa, na huyu wa tumboni tunaweza kumuwahi."

Mnajua nilivyotoka pale? Nilitoka nikikimbia, na tumbo langu. Miaka yote ile nilikuwa nabeba laana, na sasa mtu ananiambia kwamba ni ugonjwa tu, kama malaria, kama kichocho. Nilimwambia kila niliyekutana naye kwamba nina ugonjwa, mpaka jirani akaniziba mdomo.

Majibu yakarudi kutoka Musoma, kweli ni kaswende. Nikachomwa sindano, na wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Zinauma zile, hata kukaa huwezi. Mume wangu naye akaambiwa afike siku yake, jioni, maana asubuhi anatoka ziwani. Akakubali upesi mno. Ningekuwa na akili ningejiuliza, lakini nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha haulizi. Baadaye Sista akaniambia mume wako amemaliza zote, mwanaume shupavu, hakupiga hata kelele. Nikajivunia, nikampikia kuku.

Miezi ikapita, tumbo likawa kubwa, mtoto anacheza. Halafu Magesa, mdogo wa mume wangu, akaugua malaria kali akapelekwa zahanati. Sista akatayarisha kwinini ya kumchoma, akamgeuza, akashusha suruali. Magesa ana kovu kubwa kwenye tako la kushoto, aliangukia karabai akiwa mtumbwini, likamuunguza. Sista akaliangalia lile kovu akasimama na bomba mkononi.

Akamuuliza unaitwa nani. Akajibu Magesa. Akamwambia wewe siyo Magesa, wewe ni mume wa fulani, akanitaja mimi, nimekuchoma mwenyewe hapa hapa wiki tatu, sura yako sikumbuki lakini kovu hili nalijua. Magesa, homa imempanda, hana nguvu ya kubuni uongo, akasema yote.

Msimfikirie mume wangu vibaya kabla sijaeleza. Kwetu mtumbwi hauendi na nafasi wazi. Ukiugua, ukifiwa, ukiwa na safari, mdogo wako anakaa mahali pako, anavuta wavu kwa jina lako, na samaki wa mgawo wako wanakuja nyumbani kwako. Hakuna anayeuliza. Mume wangu, ambaye alikuwa anaogopa sindano kuliko mamba, aliona hii ni zamu kama zamu nyingine. Akamtuma mdogo wake. Na Magesa, mdogo mwenye adabu, akaenda akachomwa wiki zote tatu, akachechemea mwaloni akidai ameteguka nyonga, akaona ameokoa nyumba ya kaka yake.

Sista alikuja kwetu mbio. Yule mama mnene, viatu mkononi, anapita katikati ya mihogo ya watu. Mume wangu alikuwa anashona wavu nje. Akasimama, akaamkia kwa adabu, na alipoulizwa hakukana. Akasema kwa utulivu kabisa:

"Lakini Sista, sisi ni tumbo moja. Damu yangu na ya Magesa si ni moja?"

Sista alihema kwanza, maana alikuwa amekimbia. "Sawa," akasema. "Na mke wako akishikwa na uchungu, atazaa Magesa?"

Halafu akakaa chini, pale pale kwenye udongo, akamweleza. Kwamba mimi nilitibiwa nikapona, nikarudi kwake kila siku kama mke anavyorudi kwa mume, na ugonjwa aliokuwa nao bado akanirudishia, na sasa mtoto yuko karibu kuzaliwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilihisi mtoto anageuka tumboni na nikataka kumrukia mume wangu shingoni. Sikumrukia kwa sababu niliona uso wake. Aliuliza swali moja tu, kama yule mvulana wetu alikufa kwa hicho. Sista akasema ndiyo. Mume wangu akaanza kutembea kuelekea zahanati bila kuaga, bila shati, na sisi tukamfuata nyuma.

Tulichomwa wote wawili siku ile, benchi moja. Alizimia. Naomba mniruhusu nicheke, alizimia hata sindano haijafika, akadondoka kwenye ndoo ya dettoli, na Sista akamchoma akiwa huko huko chini akasema afadhali ametulia.

Lakini siku hazikutosha. Uchungu ulinishika alfajiri, haraka, mtoto akazaliwa nyumbani mikononi mwa mama mkwe. Msichana. Analia, sauti imejaa nyumba. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Sista alipofika akamchukua, akamgeuza, akaangalia viganja, akaangalia nyayo, akaweka sikio kwenye pua. Akasema anaonekana mzima, lakini dawa ilimfikia mama juzi juzi tu na siwezi kuiamini. Mtoto anatakiwa sindano kila siku, wiki ipite na zaidi, na ikikatika tunaanza upya. Mleteni zahanati.

Mama mkwe akasema hapana. Kwetu mtoto hatoki nje kabla kitovu hakijadondoka, na mtoto wa nyumba iliyozika namna ile ndiyo kabisa. Akaburuta kigoda akakaa mlangoni. Mimi nilifumba macho nikijua sasa ndiyo vita vya ng'ombe na samaki. Nilimjua Sista, nilimjua na mama mkwe.

Hakugomba. Hicho ndicho kitu sitakisahau, mtu aliyemgombeza mchungaji hakugomba na bibi wa kijijini. Alikwenda zake, akarudi na sufuria lake na bomba zake, akapiga magoti, akaomba jiko. Akasema Mama, mtoto hatatoka, naomba moto wako nichemshie. Mama mkwe akaangalia sufuria, akaangalia zile bomba. Jiko la mtu siyo la kuchemshia vyuma vya zahanati. Halafu akasogeza chungu cha mboga, akachochea kuni.

Kila siku alikuja. Siku ya kwanza mama mkwe aligeukia ukutani sindano ilipoingia kwenye kile kipaja, kidogo kama kidole changu cha gumba. Siku zilizofuata alishika kipaja mwenyewe na kumwimbia. Na kwa kuwa mgeni haondoki kwetu bila kula, akapika. Sato, mchuzi wa nyanya, kichwa kimemwelekea mgeni, ndiyo heshima. Nikasema leo tumeumbuka. Sista akanawa mikono, akamwangalia yule sato, sato akamwangalia. Akala. Alikula kama mtu anayemeza kwinini, akasema tamu sana Mama, na mama mkwe akamwongezea. Kesho yake tena. Alikula samaki kila siku ya sindano ili mlango ule usifungwe.

Halafu dawa ikaisha katikati. Chupa zilizotegemewa hazikuja, zahanati ya jirani hakuna, mganga wa zahanati yetu aliyekwenda kutafuta Bunda kwa baiskeli akarudi mikono mitupu. Ikikatika tunaanza upya, na tutaanza na nini? Sista alisimama nyuma ya nyumba yetu anaangalia ziwa. Akamwita mume wangu, kwa jina lake, na safari hii akimwangalia usoni vizuri. Akamuuliza kama mtumbwi wake wa tanga unavuja.

Kijiji kizima kilishuka mwaloni. Watu waliacha dagaa kwenye mchanga. Sista alifunga kanga kiunoni, akaingia majini huku anatukana, analitukana ziwa, anautukana upepo, anamtukana Magesa aliyekuwa amemshika mkono, na katikati ya matusi anaita jina la Bwana Yesu. Akakaa chini kabisa ndani ya mtumbwi, macho amefumba. Mume wangu akapandisha tanga, wakaelekea Musoma. Wanawake wakampigia vigelegele, na mimi nilisikia nikiwa ndani na mtoto, kwa sababu mama mkwe hakuniruhusu hata kuchungulia. Nililia na kucheka kwa pamoja.

Walirudi kesho yake jioni, kabla siku haijakatika. Alishuka ameloa, amevimba macho, chupa za dawa amezifunga kifuani ndani ya sidiria. Akaja moja kwa moja kwenye jiko la mama mkwe akachemsha, akachoma. Na sindano zilizobaki zote akazimaliza, kitovu kikiwa kimeshadondoka zamani, lakini mama mkwe alishazoea na hakutaka tena mtoto apelekwe popote.

Mtoto tulimwita Nyangeta. Alitakiwa kurudishwa baada ya miezi michache apimwe damu, tuone kama ugonjwa umetoka wote. Ndipo mambo yakatawanyika. Sista akapata barua ya uhamisho, akaenda wilaya nyingine. Vipimo Musoma vikawa havipo. Ziwa likawa gumu, nyavu hazipatikani, na mume wangu akasikia dhahabu imeonekana Buhemba, tukahama. Nyangeta alikua. Alitembea, akaongea, akaanza shule. Lakini kila alipopata mafua nilikaa macho nasikiliza pua yake. Kila alipokosa kuitika nilijiuliza kama anasikia. Nilikuwa sijajibiwa, na hakuna niliyemjua wa kumuuliza.

Tukafika miaka ya ruksa. Vitu vikajaa madukani mpaka macho yanachoka. Nilikwenda Bunda na Nyangeta, siku ya mnada, kumnunulia viatu vya mtumba vya shule, kichwa kikaniuma na jua. Nikamwacha kwenye rundo la viatu, nikavuka barabara kuingia kwenye duka la dawa baridi. Nyuma ya meza kulikuwa na mama mzee, mvi zimejaa, miwani imefungwa na uzi. Nikaomba aspirini. Akaniambia kunywa maji kwanza, wanawake mnatembea juani hamnywi maji halafu mnakuja kununua dawa.

Ile sauti! Nilishika meza. Nikamwita Sista. Nikamwambia mimi ni nani, wa kule ziwani, mke wa yule aliyemtuma mdogo wake. Nilitegemea atapiga kelele tucheke. Alivua miwani akaiweka chini.

Akauliza mtoto. Siyo mtoto hajambo, aliuliza mtoto, basi, akaishia hapo.

Nikasema yuko nje, anachagua viatu. Akakaa. Akaanza kusema haraka haraka, bila kuniangalia. Kwamba zile chupa alizorudi nazo kutoka Musoma zilikuwa zimepita muda. Mtu mmoja wa stoo ya dawa alimwambia hizi ni za kutupa, nyingine hakuna. Akazichukua. Alijua, na alizichoma akijua, kwa sababu kingine hakikuwepo na siku ilikuwa inakatika. Hakumwambia mtu. Halafu akahamishwa kabla mtoto hajapimwa, na alipoandika kuuliza akaambiwa ile familia imehama. Alisema kila mtoto aliyemchoma tangu hapo alimkumbusha mmoja ambaye hajui mwisho wake.

Nilitaka kumkasirikia. Nilijaribu, haki ya Mungu, nilitafuta hasira sikuiona. Nilimwona tu ndani ya ule mtumbwi, macho amefumba, amekumbatia dawa ambayo haiamini.

Nikatoka nikamwita Nyangeta. Akaja na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akaamkia shikamoo bibi. Sista hakuitika. Alizunguka meza, akamshika kidevu, akamgeuzia mlangoni kwenye mwanga.

"Fungua mdomo," akasema. "Nionyeshe meno."

Mtoto akaniangalia mimi. Nikamwambia fungua. Sista akavaa miwani, akainama karibu kabisa, akaangalia meno ya mbele, yale makubwa yaliyoota baada ya kung'oka ya utotoni. Akapitisha kidole kwenye ncha zake, moja, moja. Huku anaangalia akaniambia kwamba ugonjwa ule ukibaki ndani ya mtoto unajificha miaka, halafu unakuja kuonekana hapa, meno ya mbele ya ukubwani yanatoka membamba, yamelika katikati kama yamekatwa na kucha. Nilisikia watu wanapigiana bei nje. Sikuwahi kujua kwamba jibu langu lilikuwa kwenye mdomo wa mwanangu, na nimeliangalia kila siku akila.

"Yamenyooka," akasema.

Akaangalia tena. Akamgeuza upande wa pili. "Yamenyooka yote."

Nyangeta alikuwa amechoka kuachama, akaona bibi huyu mgeni machozi yanamtiririka mpaka kwenye miwani, akashindwa kujizuia, akaanza kucheka. Akacheka mdomo wote wazi, na Sista amemshika kidevu bado, anamwambia cheka, mama, cheka tena nione.